Iceland: imani ya zamani inakwenda wapi?

Ijumaa, Reykjavík na Kópavogur

Jumba la msikiti niliosali leo lilikuwa la kwaya ya wanaume kabla Waislamu hawajalipata. Linaitwa Ýmishúsið, lipo Skógarhlíð, chini ya kilima cha Öskjuhlíð. Baada ya sala mzee mmoja alinieleza taabu ya mwezi Juni: jua linazama karibu na saa sita usiku na giza haliingii kabisa, kwa hiyo Ramadhani ikiangukia kiangazi, anayefuata jua la hapa hufunga zaidi ya saa 20. Wengine hufuata saa za miji ya kusini. "Kila mtu na Mola wake," alisema, akanigawia tende.

Dada yangu ameolewa Kópavogur, mji uliogusana na Reykjavík, naye ndiye mwenyeji wangu. Nimemwomba tuizunguke nchi kwa gari la shemeji kwa sababu ya swali nililo nalo tangu utotoni Tanga. Kwa babu yetu, mahali pa kusalia palikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mbuyu uliofungwa vitambaa vyekundu, na hakuna mkubwa aliyetaka kutueleza vitambaa vile ni vya nani. Watu wakishabadili dini, ile ya zamani inakwenda wapi? Iceland ni mahali pazuri pa kuuliza, maana mwaka waliobadili unajulikana, na watu wake wameandika karibu kila kitu.

Jioni mama mkwe wa dada alitupeleka kwa miguu hadi Álfhóll, kilima kidogo cha mawe na nyasi kilicho kando ya barabara ya mtaani. Barabara yenyewe, Álfhólsvegur, inakuja ikiwa pana, ikifika pale inabanwa, kisha inapanuka tena. Katika miaka ya 1930 ilipangwa ipite katikati ya kilima. Kazi ikasimama. Baadaye ikajaribiwa tena, na watu wa hapa wanasimulia jinsi vifaa vilivyovunjika hadi mafundi wakakataa kuendelea. Wanaoishi ndani yake wanaitwa huldufólk, watu waliofichwa. Wanafanana na sisi, wanafuga ng'ombe, wanazaa, wanazikana, ila hatuwaoni mpaka wapende wenyewe.

Asili yao mama alitusimulia tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Mungu alimtembelea Hawa, naye Hawa alikuwa hajamaliza kuwaogesha watoto. Kwa aibu akawaficha wale wachafu, akawaleta walio safi tu. Alipoulizwa kama hao ndio wote, akajibu ndiyo. Basi Mungu akasema: waliofichwa mbele yangu watafichwa mbele ya watu. Hadithi hii imo katika mkusanyiko wa ngano wa Jón Árnason uliochapishwa Leipzig mwaka 1862 hadi 1864, lakini mama aliipata kwa bibi yake. Nilivutiwa na jambo moja. Waliposimulia hivi hawakuwafanya huldufólk kuwa mashetani, waliwapa mama mmoja na sisi. Ni ndugu ambao hawakuogeshwa kwa wakati.

Nikamuuliza kama yeye anaamini. "Sijawahi kuwaona," alisema. "Wala sijawahi kuweka jembe kwenye kilima chao."

Mama ana miaka 80 na zaidi, na jina lake ni la marehemu. Mama yake mzazi, alipokuwa na mimba yake, aliota shangazi aliyezama baharini amesimama mlangoni, koti limelowa, hasemi neno. Marehemu akimjia mjamzito namna hiyo, amekuja kuomba jina. Alipewa. Alilieleza hili bila kushusha sauti, kama mtu anayeeleza mtaa aliokulia, na kesho yake asubuhi alikuwa ana zamu ya kupamba maua kanisani.

Jumamosi, Strandarkirkja

Tulipita Gálgahraun, uwanda wa lava ya kale uliofunikwa na ukoga wa kijivu. Hapa mwaka 2013 watu waliketi mbele ya matingatinga kuzuia barabara mpya, na polisi wakawabeba mmoja mmoja. Wengi walikuwa wanatetea ardhi. Baadhi walikuwa wanatetea pia mwamba uitwao Ófeigskirkja, ambao wanaamini ni kanisa la huldufólk. Barabara ilijengwa. Mwamba haukulipuliwa: mwaka 2015 waliunyanyua kwa mashine wakauweka pembeni. Dada aliona ni nusu ya heshima. Mimi nimeona nchi nyingi ambako hata hiyo nusu haipatikani.

Kanisa la Strandarkirkja linasimama peke yake Selvogur, pwani ya kusini, ufukweni ambako mawimbi yanapiga miamba myeusi. Wasimulizi wanasema mabaharia walikamatwa na dhoruba usiku, wakaweka nadhiri kwamba wakifika nchi kavu watajenga kanisa pale watakapotua. Wakaona mwanga, wakaufuata, wakamkuta malaika amesimama ufukweni kwenye kighuba kinachoitwa hadi leo Engilsvík. Jengo la sasa ni la miaka ya 1880, dogo, jeupe. Lakini ni kati ya makanisa yenye sadaka nyingi kuliko yote nchini, kwa sababu watu wa Iceland bado wanaliwekea nadhiri: mtoto akipona, mtihani ukipita, meli ikirudi, pesa inatumwa Strandarkirkja.

Martin Luther hangekubali. Dini rasmi ya hapa ni ya Kilutheri tangu karne ya 16, na mafundisho yake yalikataa kabisa habari ya kununua fadhila kwa nadhiri. Mchungaji mmoja mstaafu tuliyemkuta akifagia mlangoni aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kumkemea mtu kwa hilo. "Anayeogopa bahari," alisema, "usimfundishe theolojia kwanza."

Jumapili, Þingvellir, Laugarvatn, Skálholt

Hii ndiyo siku niliyoifuata Iceland.

Þingvellir ni bonde ambapo ardhi imepasuka. Ukuta mrefu wa mwamba unasimama magharibi, mto Öxará unaanguka juu yake, na chini yake watu wa nchi nzima walikutana kila kiangazi kuanzia mwaka 930 kutunga sheria na kuamua kesi. Hawakuwa na mfalme. Walikuwa na mkuu wa sheria, ambaye kazi yake ilikuwa kuzikariri mbele ya watu, theluthi moja kila mwaka, kwa kichwa.

Mwaka 999 au 1000 walifika hapa wakiwa pande mbili zilizo tayari kupigana. Mfalme Ólafur Tryggvason wa Norway alikuwa amewashika vijana wa Iceland kama rehani akitaka nchi yao ibatizwe. Wakristo walitangaza kwamba hawatashirikiana sheria na wapagani, na wapagani wakatangaza vilevile. Ndipo kiongozi wa Wakristo, Hallur wa Síða, akafanya jambo ambalo hadi sasa linanistaajabisha: alikubali uamuzi wote uwe mikononi mwa mkuu wa sheria, Þorgeir, ambaye alikuwa mpagani.

Þorgeir akaingia kibandani, akajifunika vazi lake, akalala mchana kutwa na usiku kucha bila kusema na mtu. Kulipokucha akapanda kwenye mwamba wa sheria na kusema maneno ambayo mwanahistoria Ari Þorgilsson aliyaandika miaka 120 hivi baadaye: tukiikata sheria vipande viwili, tutakuwa tumeikata na amani. Kisha akaamuru watu wote wabatizwe. Akaacha milango mitatu wazi: kula nyama ya farasi kuliruhusiwa, kutupa watoto wachanga kuliruhusiwa, na kutambika kwa siri kuliruhusiwa, maadamu hakuna shahidi. Miaka michache baadaye milango hiyo ilifungwa kisheria.

Huo mlango wa watoto wachanga unaniuma na sitaupamba. Lakini ule wa tatu niliukalia muda mrefu juu ya jiwe. Mtu mzima aliyeabudu miungu ya baba yake maisha yote aliambiwa: hadharani sisi sote ni kitu kimoja, nyumbani kwako hatutachungulia. Sijui taifa jingine lililobadili dini kwa hukumu ya namna hiyo.

Wengi walikataa kubatizwa katika maji ya barafu ya Þingvellir, wakasubiri wafike Laugarvatn njiani kurudi kwao, penye chemchemi ya maji moto. Birika lenyewe, Vígðalaug, bado lipo kando ya ziwa, limezungushiwa mawe, na mvuke unatoka ardhini pembeni. Nilitia mkono. Ni vuguvugu.

Kando yake yamelala mawe mengine, na hayo yanahusu siku tofauti kabisa. Askofu Jón Arason wa Hólar, askofu wa mwisho wa Kikatoliki, alipinga matengenezo ya Kilutheri yaliyoletwa na mfalme wa Denmark, aliyekuwa akiitawala Iceland. Alikamatwa pamoja na wanawe wawili, Ari na Björn. Waliomshika walijiuliza watawalindaje wafungwa hawa majira yote ya baridi, na mmoja akasema kwamba shoka na udongo ndivyo vitakavyowatunza vizuri zaidi. Tarehe 7 Novemba 1550 walikatwa vichwa Skálholt. Masika yaliyofuata watu wa kaskazini walikuja, wakawafukua, wakawabeba hadi Laugarvatn, wakawaosha katika maji yaleyale waliyobatizwa babu zao, juu ya mawe haya, kabla ya kuwapeleka kuzikwa kwao.

Tulifika Skálholt mchana. Hapa ndipo uaskofu wa kwanza ulipoanza mwaka 1056. Kanisa la sasa liliwekwa wakfu mwaka 1963, na nyuma ya altari yuko Kristo mkubwa wa vigae vya rangi, kazi ya Nína Tryggvadóttir, mikono imefunguliwa. Nje, mahali pa mauaji, kuna jiwe la kumbukumbu. Inasimuliwa kwamba kasisi mmoja aitwaye Sveinn alimfariji Jón Arason dakika ya mwisho kwa kusema kwamba baada ya maisha haya yapo mengine. Mzee akajibu: "Najua hilo, Sveinn mwanangu."

Dada alikaa ndani ya gari. Alisema ameshapatazama mara moja na inamtosha.

Jumatatu, Kirkjubæjarklaustur

Mashariki kwa kufuata pwani. Hekla ilikuwa imejificha mawinguni. Ulaya ya kale iliuhesabu mlima huo kuwa mlango wa Jehanamu. Oddi tulipita bila kusimama, nami nikasikitika, kwa sababu ndiko aliishi kasisi Sæmundur, aliyefariki mwaka 1133, ambaye ngano zinasema alimpanda shetani mwenye umbo la sili akavuka naye bahari kurudi nyumbani, na alipoona nchi kavu akampiga kichwani kwa kitabu cha Zaburi asije akamdai malipo.

Klaustur palikuwa na watawa wa kike tangu mwaka 1186. Kabla ya hapo, kitabu cha walowezi kinasema, waliishi wamonaki kutoka Ireland, na hakuna mpagani aliyeruhusiwa kuhamia: aliyejaribu alianguka akafa mpakani mwa shamba.

Lakini nililokuja kulitazama ni mahali lava iliposimama. Tarehe 8 Juni 1783 ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, na kwa miezi minane moto na gesi ya sumu vikatoka. Nyasi zilikufa, kondoo na ng'ombe wakafa, kisha watu: karibu mtu mmoja kati ya watano nchini alipotea kwa njaa na maradhi. Tarehe 20 Julai, Jumapili, mto wa lava ukiwa unaelekea kanisani, mchungaji Jón Steingrímsson aliwakusanya waumini wake. Aliacha milango wazi, hakufupisha ibada hata kidogo, na aliandika kwamba watu walisali bila woga wakiwa tayari kwa lolote. Walipotoka nje waliona lava haijasogea. Ilikuwa imerundikana palepale ilipokuwa, mito ikiimwagia maji.

Tulitembea hadi kwenye ncha hiyo, Eldmessutangi. Mwanajiolojia ataeleza habari ya maji na mteremko, na ataeleza kweli. Mimi niliyefundishwa kwamba dua inakwenda pamoja na sababu sikuona ugomvi. Kilichonigusa zaidi ni yaliyofuata. Mchungaji Jón alipopewa sanduku la fedha za msaada zilizofungwa kwa lakiri, alilifungua njiani bila idhini akawagawia wakulima waliokuwa wamefilisika. Wakubwa wake walimwadhibu na kumtaka aombe radhi hadharani. Huyo ndiye ambaye watu wanasema sala yake ilizuia moto.

Jumanne, Borgarfjörður eystri

Kutwa nzima barabarani: milima ya barafu upande wa kushoto, bahari upande wa kulia, ukungu, kondoo, ukungu tena.

Jioni, kwenye njia ya mteremko wa mawe wa Njarðvíkurskriður, tulisimama penye msalaba wa mbao unaotazama baharini. Hapa aliishi Naddi, nusu mtu nusu mnyama, aliyewaua wasafiri usiku, hadi mkulima mmoja akapigana naye mieleka na kumwangusha majini. Msalaba una maneno ya Kilatini na mwaka 1306: wewe upitaye, inama uiheshimu sura ya Kristo. Upepo ulikuwa unasukuma mawe madogo barabarani.

Kijiji cha Bakkagerði kina kilima, Álfaborg, anapoishi malkia wa huldufólk. Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la mbao la mwaka 1901. Mwanamke aliyetufungulia alitutanguliza moja kwa moja hadi altarini. Mchoro wa pale aliuchora Jóhannes Kjarval mwaka 1914, mtu aliyekulia hukuhuku na baadaye akawa mchoraji mkubwa wa taifa. Unamwonyesha Kristo akihubiri hotuba yake ya mlimani. Nyuma yake kuna milima ya Dyrfjöll, ile tuliyoiona nje. Na mlima aliosimama juu yake ni Álfaborg.

Nikatoka nje, nikakitazama kilima, nikarudi ndani. Ni kilekile. Wenyeji wanasema askofu wa wakati huo alikataa kuuweka wakfu mchoro huu. Haukuondolewa. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wa hapa wamebatizwa, wameoana na wameagwa mbele ya Kristo anayewahubiria wanadamu akiwa amesimama juu ya paa la malkia wa majirani zao. Nilimuuliza yule mwanamke kama kuna anayeona vibaya. Akafikiri. "Hao nao wanahitaji kuhubiriwa," alisema. Kisha akaeleza kwamba huldufólk wa eneo hili wana kanisa lao kwenye mwamba, ndani ya bonde, na kwamba mababu waliwahi kuwaona wakienda ibadani wamepanda farasi.

Tulilala karibu na bandari. Saa saba usiku bado niliweza kusoma dirishani.

Jumatano, Goðafoss na Hörgárdalur

Goðafoss ni maporomoko yenye umbo la nusu duara. Kila anayefika huambiwa kwamba Þorgeir, alipotoka Þingvellir kurudi kwake, alitupa sanamu za miungu yake humu. Katika maandishi ya kale hadithi hiyo haimo. Ilitokea karne nyingi baadaye. Sikuipenda sana, maana inamfanya Þorgeir aonekane mtu aliyeachana na mambo yake kwa siku moja, na mtu huyo si yule aliyelala chini ya vazi lake.

Karibu na Akureyri tuliingia bonde la Hörgárdalur hadi Myrká. Shemasi wa hapa alimwahidi mpenzi wake Guðrún kwamba atamchukua usiku wa kuamkia Krismasi. Barafu ya mto ikapasuka, akazama, akazikwa, na habari hazikumfikia Guðrún. Usiku ule farasi akaja, na aliyempanda akampakia. Mwezi ulipotoka, kofia ikasogea, akaona kisogo cheupe cha mfupa. Yule akasema: "Mwezi wateleza, mauti yapanda farasi, huoni doa jeupe kisogoni mwangu, Garún, Garún?" Alimwita hivyo kwa sababu jina lake linaanza na sauti za jina la Mungu, na mzuka hauwezi kulitamka. Makaburini alimvuta kuelekea shimo lililo wazi. Guðrún akakamata kamba ya kengele ya kanisa, akaivuta, na koti lake likaingia kaburini bila yeye.

Makaburi yapo. Dada alisoma majina ya kwenye mawe kwa sauti, taratibu, akiyatamka vizuri kama alivyofundishwa na mama mkwe.

Alhamisi, Hólar na Drangey

Hólar ni uaskofu wa pili, wa mwaka 1106, na hapa Biblia nzima ilichapishwa kwa lugha ya nchi mwaka 1584. Nakala moja iliuzwa kwa bei ya ng'ombe wawili au watatu.

Hata hivyo askofu niliyemfuata ni Guðmundur Arason, aliyeshika kiti kuanzia mwaka 1203, maskini wa mfuko na mkorofi kwa matajiri. Alizunguka nchi akibariki visima na miamba. Reykjavík ilianza kupata maji ya bomba kutoka Gvendarbrunnar, visima vyenye jina lake la kifupi, Gvendur, mwaka 1909.

Kisiwa cha Drangey kinasimama katikati ya ghuba ya Skagafjörður, kuta zake zimenyooka juu. Wanaume waliteremka humo kwa kamba kukamata ndege na kuokota mayai, na wengi walikufa kwa sababu kamba zilikatwa na kitu kisichoonekana. Guðmundur akaenda kukibariki. Alining'inia kwa kamba akisoma sala, hatua kwa hatua, hadi mkono wenye manyoya ulipotokeza mwambani na kisu na kuanza kuikata kamba yake. Sauti ikasema: "Acha kubariki sasa, Guðmundur. Waovu nao lazima wawe na mahali pa kukaa."

Askofu akaamuru avutwe juu. Sehemu iliyobaki hakuibariki. Inaitwa Heiðnaberg, mwamba wa wapagani, na wawindaji hawakushuka pale tena.

Tulikitazama kisiwa tukiwa ufukweni, tukila samaki mkavu na siagi. Þorgeir aliacha nafasi kwa sheria, na huyu mtakatifu aliacha nafasi kwa huruma, au kwa busara, au kwa vyote. Swali langu la Tanga lilikuwa linajibiwa hapo mbele yangu.

Ijumaa, Hólmavík

Leo nimejibiwa upande wa pili, na ni vigumu kuuandika.

Mkoa wa Strandir ni baridi, una mbao nyingi zilizoletwa na bahari na watu wachache. Nilisali sala ya safari kwenye majani kando ya maji kabla hatujaingia katika jumba la makumbusho ya uchawi, lililofunguliwa mwaka 2000. Ndani kuna suruali ya ngozi ya maiti, nábrók. Mtu alikubaliana na rafiki yake akiwa hai kwamba akifa atamchuna kuanzia kiunoni kushuka chini, avae, kisha atie humo sarafu iliyoibwa kwa mjane maskini, fedha haitaisha. Kuna pia tilberi: mwanamke aliiba ubavu wa maiti makaburini, akauzungushia sufu, akautemea divai ya komunyo kwa Jumapili tatu, na kiumbe hicho kilitoka kwenda kunyonya ng'ombe na kondoo wa majirani na kumletea maziwa. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo. Ni chuma ulete.

Kilichonitisha zaidi ni orodha ya waliochomwa moto. Katika karne ya 17 Iceland iliwachoma watu 21 kwa uchawi, na mmoja tu alikuwa mwanamke. Walikuwa wakulima, watu waliojua herufi za kale na michoro ya kinga, yaani wale waliobaki na kile Þorgeir alichokiacha kwa siri. Mwaka 1654 wanaume watatu walichomwa Trékyllisvík, kaskazini mwa hapa, baada ya wanawake kuanguka na kupiga kelele kanisani. Mwaka 1656 huko Ísafjörður mchungaji mmoja mgonjwa aliwashtaki baba na mwana, wote wakiitwa Jón Jónsson. Walichomwa wote wawili, na mchungaji hakupona. Akamshtaki na binti wa familia hiyo, Þuríður. Huyo alijitetea akashinda, na mchungaji akalazimishwa kumlipa fidia kwa mali yake.

Amri ya kuwinda wachawi ilitoka kwa mfalme Christian wa Nne wa Denmark mwaka 1617 na kutangazwa Þingvellir mwaka 1630. Penye mwamba uleule. Mahali palipotolewa hukumu ya kutochungulia ndani ya nyumba za watu, wanaume walichomwa kwa kukutwa na karatasi yenye alama.

Nilimfikiria bibi mmoja wa Usukumani, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 60. Nchini kwetu vikongwe kama yeye wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na hilo si la karne ya 17. Dada alinishika bega. Mhudumu wa makumbusho, kijana, alituletea kahawa bila kuulizwa, akasema yeye ni wa ukoo wa mmoja wa majaji.

Jumamosi, Helgafell

Kilima cha mita 73 karibu na Stykkishólmur. Þórólfur, mlowezi wa kwanza wa rasi hii, aliamini kwamba akifa ataingia ndani yake pamoja na jamaa zake. Hakuruhusu mtu akitazame kabla ya kunawa uso. Mwaka 1184 monasteri ikahamia chini yake, na leo lipo kanisa dogo.

Anayekipanda mara ya kwanza huanzia kwenye kaburi la Guðrún Ósvífursdóttir, mwanamke mashuhuri wa masimulizi ya kale ya nchi hii, haongei, hageuki nyuma, na juu kabisa anaelekea mashariki na kuomba mambo matatu kwa moyo mwema, bila kumwambia mtu. Nilinawa kwanza, kwa ajili ya Þórólfur. Nilipanda kimya. Juu niliomba dua zangu kwa Mwenyezi Mungu, na uso wangu ulikuwa mashariki, ambako kutoka hapa ukigeuka kidogo kusini ndiko Makka iliko.

Jumapili, Saurbær na Öskjuhlíð

Tuliliacha handaki la barabara linalopita chini ya ghuba ya Hvalfjörður, tukaizunguka ghuba yenyewe ili tufike Saurbær, alipohudumu mchungaji Hallgrímur Pétursson, mtunzi wa tenzi 50 za mateso ya Kristo ambazo redio ya taifa husoma kila Kwaresima. Kanisa refu la Reykjavík lina jina lake. Mkewe, Guðríður Símonardóttir, alitekwa mwaka 1627 na maharamia wa Algiers huko Vestmannaeyjar pamoja na mamia ya wengine, akauzwa, akakaa utumwani karibu miaka kumi. Alipokombolewa alipelekwa Copenhagen, ambako Hallgrímur, mwanafunzi aliyemzidi kwa udogo miaka mingi, alipewa kazi ya kuwarudishia mateka dini yao. Wakapendana. Maisha yake yote majirani walimwita Gudda wa Waturuki, na walinong'ona kwamba ana sanamu ya siri anayoiabudu. Mtu aliyeishi miaka hiyo kati ya Waislamu angejua kwamba sanamu ndiyo kitu cha mwisho ambacho angefundishwa kuabudu. Nilimsomea Fatiha mlangoni mwa kanisa. Kama haimhusu, Mungu anajua pa kuipeleka.

Alasiri nilivuka kilima cha Öskjuhlíð kwa miguu, kutoka upande wa msikiti hadi upande wa kusini, ambako Ásatrúarfélagið wanajenga hekalu la miungu ya kale tangu mwaka 2015, sehemu moja ikiwa imechongwa ndani ya mwamba. Jumuiya hii ilianzishwa siku ya kwanza ya kiangazi mwaka 1972 na Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mshairi, ikatambuliwa na serikali mwaka 1973. Inasimuliwa kwamba waziri alipowapokea alidhani ni utani, na walipotoka ofisini radi ikapiga umeme ukakatika mjini. Leo ina wanachama zaidi ya 5,000 katika taifa lisilofika watu 400,000, wakati kanisa la taifa, lililokuwa na tisa kati ya kumi mwaka 1998, limeshuka chini ya asilimia 60. Wanafungisha ndoa, wanazika, wanakutana kwa karamu na kiapo kwenye pembe ya kinywaji. Mnyama hawachinji kafara.

Mwanachama mmoja aliyekuwa pale alikuwa na subira na maswali yangu. Hawahubiri, alisema, wala hawamwombi mtu ajiunge. Nilimuuliza kama mtu wa dini nyingine anaweza kuhudhuria mkutano wao wa Þingvellir mwezi huu. Akasema uko wazi kwa yeyote, watu waje na nguo nzito, na chakula kipo. Dada ameshaiandika tarehe na atakwenda na mama mkwe. Mimi nasafiri kesho asubuhi; nimemwomba anipigie simu wakiwa palepale kwenye mwamba.